Marehemu Hakoromi

Jeneza lilikuwa tupu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua umenilaani. Mama mmoja ameniandikia barua kwamba aliunguza sufuria mbili kwa kuwaza. Pole sana, mama. Leo zima jiko kwanza, halafu usome.

Na wewe uliyechelewa, nakupa kwa ufupi maana sirudii. Chekeche ni mchekeshaji wa jukwaani. Jina hilo alilipata siku ya kwanza ya kazi, alipovuka jukwaa akiwa amebeba maji kwenye chekeche na kuwaomba watazamaji radhi kwa kuchelewa. Kwa miaka tisa sasa, kila Jumamosi saa tisa alasiri, anaigiza maiti katika mchezo uleule. Sehemu ya kwanza anakufa, ya pili analala kwenye jeneza, ya tatu anafufuka na kudai viatu vyake. Mjane wake wa jukwaani ndiye mke wake wa nyumbani. Mnong'onezi, yaani yule anayekaa shimoni chini ya jukwaa akiwakumbusha waigizaji maneno yao, ni shemeji yake, mdogo wa huyo huyo mke.

Ila moyo wa Chekeche hauko kwenye jeneza, uko kwenye tarumbeta. Mara tatu amekwenda kwenye usaili wa Bendi Kuu, na mara tatu wasaili wamemwona sura wakaanza kucheka kabla hajapuliza. Mwaka huu Bendi Kuu imebadilisha utaratibu: msailiwa anapiga nyuma ya pazia, anaitwa kwa namba, hakuna anayemwona. Chekeche alipolisoma tangazo lile alilala nalo chini ya mto. Tatizo likawa moja. Bendi haichukui mtu aliyetimiza miaka arobaini na mitano, na yeye anatimiza Jumatatu. Zamu yake ya usaili ni Jumamosi saa tisa na nusu, ndani ya jengo lile lile, ng'ambo ya korido.

Kwa hiyo alipanga hivi. Atakufa kama kawaida, afungiwe jenezani, ateleze kwenye kibao cha chini kinachofunguka, aingie shimoni kwa shemeji, atoke mbio, apige, arudi, afufuke. Dakika ishirini na mbili. Mke hakuambiwa.

Akapanga kila kitu, akasahau kitu kimoja. Marehemu huyu hukoroma.

Miaka tisa yote, akishafungiwa mle ndani, usingizi humchukua kabla wapagazi wa jeneza hawajafuta jasho. Watazamaji wanaupenda mkoromo ule kuliko mchezo wenyewe. Mke wake hukigonga kifuniko kwa kiwiko na kusema, "Marehemu, pumzika kwa adabu," na ukumbi mzima hushika mbavu.

Jumamosi hii akaweka sikio. Kimya. Akagonga. Kimya. Akagonga mara ya pili, akasema maneno yake ya adabu. Katika miaka kumi na saba ya ndoa hajawahi kumsikia mtu yule amelala bila kelele. Akasahau kwamba yuko jukwaani, akasahau mchezo, akafungua kifuniko.

Na hapo ndipo tulipo. Watu mia tatu wakaangua kicheko.

"Lia," ilinong'ona sauti kutoka shimoni. "Dada, we lia tu. Maneno yako ni, 'Umeniachia nani.'"

"Yuko wapi?"

"Hayo siyo maneno yako."

"Nimekuuliza, mume wangu yuko wapi?"

"Umeniachia nani," alinong'ona mnong'onezi kwa ukaidi wa mtu anayeshikilia kitabu. "Halafu unaanguka. Halafu unaomba maji."

Mjane alipiga magoti, akaingiza mkono shimoni, akatoka na ukosi wa shati la mdogo wake, na mdogo wake akiwa ndani ya hilo shati. Kichwa kikachomoza usawa wa jukwaa. Watazamaji hawakuwahi kumwona mnong'onezi, wakampigia makofi. Naye, masikini, aliyekuwa anasubiri makofi tangu aajiriwe, akainamisha kichwa kushukuru.

"Sema."

"Nimeapishwa."

"Na nani?"

"Na shemeji."

"Mimi na shemeji yako, nani alikufundisha kufunga kamba za viatu?"

Mnong'onezi alifikiri. Ni kweli, ni dada. "Kavuka korido," alisema, na hata alipokabwa alinong'ona, maana kazi humwingia mtu mwilini. "Kaenda kupiga tarumbeta."

Tumwache hapo akiwa kashikwa ukosi, hataumia. Tumfuate mumewe.

Chekeche alikuwa koridoni, tarumbeta kwapani, amejibana mgongo ukutani kama mtu anayepita ukingoni mwa shimo. Alikuwa na sababu. Fundi wa mavazi wa ukumbi ule ni mbahili wa vitambaa, na amekata shauri zamani kwamba maiti hageuki. Suti ya marehemu ina mbele tu. Nyuma kuna kamba tatu, na chini ya kamba, chupi yenye vidoti vyekundu. Usoni alikuwa amepakwa poda nyeupe, na chini ya macho kivuli cha kijani, kwa sababu anakufa kwa kula uyoga asioujua.

Mlangoni kwa chumba cha mazoezi, pale penye usaili, kulikuwa na benchi, na kwenye benchi jibaba moja lenye saksafoni, shati limeloa kwa woga. Lilikuwa na namba kumi kifuani. Chekeche alikuwa na namba kumi na moja, na dakika kumi na sita.

"Ndugu yangu," alisema Chekeche, "naomba unipishe. Nina haraka."

Jibaba likageuka. Likaona uso. Likasogea mwisho wa benchi.

"Unatoka wapi wewe?"

"Nimetoka kwenye jeneza sasa hivi, na natakiwa nirudi kabla hawajagundua."

Nakuhakikishia, msomaji, Chekeche alijibu kwa moyo mweupe na hakuwa na nia ya kumtisha mtu. Jibaba liliinuka polepole, likaikumbatia saksafoni yake. "Kaka, pita tu," lilisema. "Mimi hata muziki wenyewe sijaupenda sana." Na likashuka ngazi. Lilishuka vizuri tu ngazi tatu za kwanza, zilizobaki sikuziona.

Mlango ukafunguka. Karani wa usaili akatoa kichwa na orodha.

"Namba kumi?"

"Ameondoka," alisema Chekeche.

"Kwa sababu?"

"Za kifamilia."

Karani akaandika. "Namba kumi na moja?"

"Mimi."

Karani ndipo akainua macho. Akamtazama juu, akamtazama chini. "Unaumwa?"

"Hapana, nimekufa tu. Nitapona saa kumi kasoro."

Karani alikuwa akiwaita watu tangu saa mbili asubuhi, akawa amechoka kiasi cha kutoshangaa. Akamwingiza nyuma ya pazia, akamwelekeza kwa kidole mahali pa kusimama, akatoka upande wa pili kukaa na wasaili.

Wasaili walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mkuu wa Bendi, mtu wa mabega, anayetembea kana kwamba kuna ngoma inapigwa mahali. Wa pili ni bibi mpiga piano, mwembamba, vidole virefu, mtu ambaye hajasifu kitu tangu astaafu na kuitwa tena kazini.

"Anza," ilisema sauti ya Mkuu.

Chekeche akainua tarumbeta. Akangoja kicheko. Miaka yote hiyo, kila alipoinua chombo hiki mbele ya mtu, kilikuja kicheko, hata kama alikuwa anakisogeza tu kufagia. Leo hakikuja. Upande ule wa pili palikuwa na kimya cha watu wanaosubiri kusikia.

Akapiga. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, aliutunga mle mle jenezani katika zile dakika chache za kabla ya usingizi, na hauna jina. Ni wa taratibu. Unaanza kama mtu anayeita mlangoni bila kutaka kuamsha nyumba, halafu unapanda, halafu unakataa kushuka. Mimi ninayewaandikia haya ni mtu mkavu, mnanijua, nilizika mkwe wangu huku nikila karanga. Lakini kwa wimbo ule ningeshika leso.

Alipomaliza, kiti kikalia.

"Tangu asubuhi tumesikiliza watu kumi," ilisema sauti kavu ya bibi wa piano.

"Tisa," alisema karani. "Mmoja ana mambo ya familia."

"Tumesikiliza watu tisa na mwanamuziki mmoja. Kwangu usaili umeisha."

"Na kwangu," alisema Mkuu wa Bendi. "Mtu kama huyo alikuwa amejificha wapi? Fungua pazia tumpe mkono."

Chekeche aliruka. "Pazia liacheni."

"Kwa nini?"

"Linanipendeza."

"Bwana, umepata nafasi. Tutafanya kazi pamoja miaka kumi na tano. Utapiga nyuma ya pazia yote hiyo?"

"Kama hamtajali," alisema Chekeche.

Mkuu wa Bendi akalivuta pazia mwenyewe.

Kwanza alirudi nyuma hatua moja. Kisha akainamia mbele, akakodoa. Kisha, Mungu amsamehe, pembe za mdomo wake zikaanza kucheza.

"Hebu," alisema. "Hebu ngoja. Wewe si ndiye yule maiti? Anayekoroma?" Na akashindwa. Alicheka akiwa amesimama, akacheka akiwa amekaa, akavua miwani akaifuta kwa tai ya karani. Karani naye, aliyekuwa amechoka kiasi cha kutoshangaa, akagundua hakuchoka kiasi cha kutocheka.

Chekeche alisimama pale na tarumbeta yake, akiwa amekaza mgongo wake uliofungwa kamba tatu. Alikuwa ameipata kazi kwa muda wa kukohoa mara mbili. Ilimuuma, tena sana, kwa sababu mara zile tatu alifukuzwa kabla ya kuonja.

"Samahani," alisema Mkuu alipopata pumzi. "Samahani sana. Mke wangu na mimi tumekuja kukuona mara nne. Lakini elewa, ndugu. Bendi Kuu hupiga kwenye mambo mazito. Wakubwa wanakutana, watu wanasimama, wengine wanalia. Wewe ukiinuka tu na hiyo tarumbeta, watu watavunjika mbavu. Siwezi."

"Dakika moja iliyopita uliweza," alisema bibi wa piano. Yeye hakuwa amecheka hata kidogo.

"Dakika moja iliyopita sikumwona."

"Na masikio yako yamekwenda wapi?"

"Mama, mimi sisemi kwamba hajui. Nasema watamcheka."

"Jaribu."

"Kwa nani? Tuko watatu humu, na wawili tumeshacheka." Mkuu alifungua mikono. Alikuwa mtu wa haki, na kitu hiki kilianza kumsumbua. "Nileteeni watu. Watu wa kawaida, wamwangalie usoni akipiga. Wakikaa kimya mpaka sauti ya mwisho ikatike, nasaini hapa hapa. Akicheka hata mmoja, basi, tusisumbuane. Lakini saa hii nitawatoa wapi watu?"

Mara mlango ukafunguka wote kwa pamoja, bawa hili na bawa lile.

Aliingia mwanamke wa gauni jeusi, amekunja mikono ya gauni mpaka viwikoni. Nyuma yake lilikuja jeneza.

Hili la jeneza lazima nilieleze, maana si utani. Wapagazi wanne wa mchezo ule hawajui hadithi yake. Siku walipoajiriwa waliambiwa jambo moja tu: mjane akienda, jeneza linafuata. Mjane alipowaambia watazamaji, "Jamani, marehemu katoroka, namfuata," na kushuka jukwaani, wapagazi walitazamana, wakanyanyua, wakafuata. Mwongozaji wa mchezo aliwanyooshea mikono yote miwili kutoka pembeni, wakadhani anawaaga. Katika safu ya mbele, mzee mmoja alimwuliza mwenzake kama na wao wafuate. Mwenzake akasema msiba haususwi. Wakainuka. Safu ya pili ikaona ya kwanza imeinuka, na watu ni watu.

Mia tatu. Walijaa chumba cha mazoezi, wakajaa korido, wengine wakapanda juu ya benchi la jibaba. Wote walikuwa wanatabasamu, wanaujua mchezo huu kwa moyo, na leo wanapewa sehemu mpya.

Mjane alisimama mbele ya marehemu wake. Hakutabasamu.

"Nilidhani umekufa," alisema.

Watu wakacheka.

"Mimi?" alisema Chekeche. "Mbona niko salama."

"Nimeweka sikio, kimya. Nimegonga, kimya. Nikajisemea, hakuna mwingine, huyu leo kafa kweli, na mimi asubuhi nilimgombeza kwa ajili ya taulo."

Watu wakacheka zaidi. Mzee wa safu ya mbele akampiga mwenzake kibao cha mgongo.

"Nilikuwa kwenye usaili," alisema Chekeche taratibu.

"Wa nne?"

"Wa nne."

"Na hukuniambia."

"Zile mara tatu, kila nilipokosa ulinyamaza wiki nzima, mke wangu. Ulikuwa unanipakulia chakula kama unampakulia mgonjwa. Nikasema huu wa mwisho nikikosa, nikose peke yangu."

Hapo kicheko kilipungua kidogo, kwa sababu kuna watu kule nyuma wameoa.

"Na umekosa?"

Chekeche akamtazama Mkuu wa Bendi. Mkuu wa Bendi alikuwa anawatazama watu mia tatu waliotoka nyumbani siku hiyo kwa shabaha moja tu, kucheka.

"Bado," alisema Mkuu. "Nilisema niletewe watu, nimeletewa. Mimi sivunji neno langu." Akasimama juu ya kiti, akaeleza masharti kwa sauti ya gwaride. Atapiga. Mtamtazama. Mkikaa kimya mpaka sauti ya mwisho ikatike, ni wetu. Akicheka hata mmoja, ni wenu.

Watu wakaona huu ndio utani bora wa siku. Waliyacheka masharti yenyewe, wakamcheka karani aliyekuwa anayaandika.

"Chekeni sasa hivi mmalize," alisema bibi wa piano. "Mimi nitahesabu kuanzia sauti ya kwanza."

Chekeche alijifuta poda ya midomoni kwa kiganja. Aliinua tarumbeta. Aliwaona wote: mashavu yaliyojaa, macho yaliyominywa, mama mmoja aliyejiziba mdomo kwa mkoba. Hakuwa na pazia. Hakuwa na kitu chochote mwilini ila nusu ya suti. Akafumba macho, akapiga.

Sauti ya kwanza, mtu mmoja akakohoa. Ya pili, mashavu yakapungua. Wimbo ukaita mlangoni, ukaita tena, ukaanza kupanda, na mama yule akauteremsha mkoba taratibu akauweka chini. Wapagazi, ambao hawakuambiwa waweke jeneza wapi, waliliweka polepole sakafuni bila mlio. Mzee wa safu ya mbele alimshika mwenzake mkono. Hakuna aliyecheka. Chekeche akafumbua macho, akaona watu mia tatu wanamtazama usoni, sura ile ile ya siku zote, na hakuna aliyecheka.

Ikabaki sauti moja. Ile ndefu, ya juu, inayokataa kushuka. Akaishika.

Na katikati ya kimya kile, mtu akacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, kimepita puani, kisha kikatoka chote. Chekeche hakuhitaji kugeuka. Angekitambua hata sokoni siku ya mnada. Mke wake analia kwa kazi; miaka tisa machozi yake yote yamekwenda jukwaani, na kwenye mambo yake mwenyewe hajabakiwa na tone. Akiguswa kweli kweli, mama huyu hucheka. Siku ya harusi yao alicheka mpaka mfungisha ndoa akafunga kitabu na kuuliza kama kuna pingamizi.

Lakini hilo analijua Chekeche. Mkuu wa Bendi halijui.

"Nani huyo?" aliuliza Mkuu kutoka juu ya kiti, na mtu angesema sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Nani amecheka?"

Watu mia tatu wakageuka. Mjane alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Akautoa mkono mmoja, akaunyoosha juu.

Karani akamkabidhi Mkuu orodha. Mkuu akaitafuta namba kumi na moja kwa ncha ya kalamu, akaipata, akamtazama bibi wa piano. Bibi wa piano akainua kidole kimoja kirefu, akaelekeza kwenye tarumbeta. Ngoja. Masharti yalisema mpaka sauti ya mwisho ikatike, na sauti ya mwisho ilikuwa haijakatika.

Chekeche alikuwa bado anapuliza. Macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama, poda inamchuruzika na jasho mpaka kwenye kola. Maadamu sauti ile ilikuwa hewani, hakuna aliyeweza kuandika kitu, na hakuna aliyeweza kusema kwamba mke wake amemkosesha kazi. Akamtazama mke wake, akaendelea kupuliza.

Na pumzi ilikuwa inamwishia.